Lugha Tatu katika Darasa Moja: Ufundishaji wa Lugha na Msaada kwa Wanafunzi wa Sekondari nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Kila mwezi wa Januari, maelfu ya wanafunzi wa Tanzania huingia Kidato cha Kwanza. Isipokuwa wale waliosoma katika shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza, wanafunzi hao wamejifunza hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili tangu Darasa la Kwanza. Baada ya majuma machache ya kozi ya kuwaandaa, masomo hayohayo huanza kufundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao wameijua kama somo tu na ambayo nje ya darasa huisikia kwa nadra. Aidha, kwa wanafunzi wengi wa vijijini Kiswahili chenyewe si lugha ya nyumbani. Mtoto wa Shinyanga huja shuleni na Kisukuma, wa Mbulu na Kiiraqw, wa Longido na Kimaasai. Kiingereza kwao ni lugha ya tatu.

Mjadala juu ya hali hii umedumu kwa zaidi ya nusu karne, na kwa kawaida umejikita katika swali moja: ni lugha ipi itumike kufundishia? Swali hilo ni la msingi, na mhadhara huu haukusudii kulipunguzia uzito. Hata hivyo, limelifunika swali la pili, nalo ni hili: wakati uamuzi wa sera unasubiriwa, mwanafunzi aliyeketi darasani leo anasaidiwaje? Mhadhara huu unashughulikia swali hilo la pili. Hoja yake kuu ni kwamba lugha anazokuja nazo mwanafunzi ndizo mtaji wake wa kwanza wa kujifunzia Kiingereza na maarifa mengine, na kwamba shule inayomtaka aziache mlangoni inampokonya mtaji huo siku anapouhitaji zaidi.

2.0 Njia Iliyopitiwa na Sera

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia katika elimu ya msingi yote. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza 1969, ulitarajia kwamba hatua hiyo ingeendelezwa hadi sekondari, na kwa muda somo la Siasa lilifundishwa kwa Kiswahili katika shule za sekondari. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika taarifa yake ya 1982, ilipendekeza kuwa Kiswahili kianze kutumika kufundishia Kidato cha Kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walichunguza hali ya Kiingereza shuleni, wakaona kuwa kiwango cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Pamoja na matokeo hayo, njia iliyofuatwa ilikuwa ya kuimarisha Kiingereza, na ulianzishwa mradi wa kusaidia ufundishaji wake kwa msaada wa Uingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikathibitisha Kiswahili kwa elimu ya msingi na Kiingereza kwa sekondari. Sera ya 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kingetumika katika ngazi zote, na papo hapo ikatamka kuwa matumizi ya Kiingereza yangeendelea kuimarishwa. Toleo la 2023 la sera hiyo limebakiza Kiingereza katika sekondari. Mabadiliko ya mtaala yaliyoanza kutekelezwa 2024 yameleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo hufundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo, mlango ambao kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa umefungwa kabisa umeonekana kuwa na upenyo.

Katika kipindi hichohicho, sura ya mwanafunzi wa sekondari ilibadilika. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ulisambaza shule za kata nchini kote, na ada katika shule za umma za ngazi hiyo iliondolewa kuanzia 2016. Sekondari iliyokuwa ya wachache waliochujwa ikawa ya wengi. Utaratibu wa lugha, hata hivyo, ulibaki uleule uliowekwa kwa ajili ya wachache.

3.0 Lugha ya Mazungumzo na Lugha ya Taaluma

Mwaka 1979 mtaalamu Jim Cummins, aliyefanya kazi zake nchini Kanada, alitofautisha aina mbili za umahiri wa lugha. Ya kwanza ni lugha ya mazungumzo ya kila siku, ambayo husaidiwa na mazingira, ishara na uso wa msemaji. Ya pili ni lugha ya taaluma, ambayo hutumika kueleza sababu, kulinganisha, kuainisha na kuhitimisha, mara nyingi kwa maandishi na bila msaada wa mazingira. Utafiti miongoni mwa watoto wahamiaji ulionyesha kuwa aina ya kwanza hupatikana kwa takribani miaka miwili, lakini ya pili huhitaji miaka mitano hadi saba. Ikumbukwe kuwa watoto hao walizungukwa na Kiingereza nje ya shule. Mwanafunzi wa shule ya kata hana nafasi hiyo. Kwake, vipindi vya darasani ndivyo ulimwengu wake wote wa Kiingereza, na kozi ya majuma machache haiwezi kuziba pengo la miaka.

Cummins alitoa pia dhana ya kutegemeana kwa lugha: maarifa ya kitaaluma yaliyojengwa katika lugha moja hayapotei mtu anapojifunza lugha nyingine, bali huhamishika, iwapo yeye anapewa nafasi ya kuyahamisha. Aliyeelewa kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula hahitaji kulielewa jambo hilo upya kwa Kiingereza. Anahitaji maneno na miundo ya kulisemea. Mradi wa Ife nchini Nigeria, ulioanza 1970, ulilipa wazo hili ushahidi wa Kiafrika. Watoto waliofundishwa kwa Kiyoruba katika miaka yote sita ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo, walifanya vema kuliko wenzao waliofundishwa kwa Kiingereza katika madarasa ya juu, hata katika somo la Kiingereza lenyewe. Nchini Tanzania, mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002, uliowahusisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, ulifanya majaribio ya kuwafundisha baadhi ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza biolojia na jiografia kwa Kiswahili. Wanafunzi hao walishiriki zaidi darasani na kujieleza vizuri zaidi kuliko waliofundishwa mada zilezile kwa Kiingereza.

4.0 Yanayotokea Darasani

Sheria ya shule husema Kiingereza. Darasa husema vingine. Watafiti wengi, akiwemo Casmir Rubagumya aliyehariri mwaka 1990 kitabu kuhusu lugha na elimu kwa mtazamo wa Tanzania, wameonyesha kuwa walimu wengi huchanganya lugha. Mwalimu huanza kwa Kiingereza, huona nyuso zimekuwa tupu, huhamia Kiswahili ili kueleza, kisha hurudi kwenye Kiingereza ili kutoa maandishi ya ubaoni. Mwanafunzi huelewa kwa Kiswahili na kunakili kwa Kiingereza.

Kubadili msimbo kwa namna hii si kosa la mwalimu. Ni jitihada ya kuokoa somo. Tatizo ni kwamba hufanyika kwa kificho na bila mpango. Mkaguzi akiingia, Kiswahili hukoma, na pamoja nacho hukoma maswali ya wanafunzi. Zaidi ya hayo, daraja la kutoka maelezo ya Kiswahili hadi maandishi ya Kiingereza halijengwi, bali mwanafunzi huachwa aruke mwenyewe. Asiyeweza kuruka hukariri. Hukariri sentensi nzima, pamoja na makosa yaliyoandikwa ubaoni, na huzirudisha siku ya mtihani hata kama swali limeuliza jambo jingine.

Katika shule nyingine, anayesikika akisema Kiswahili au lugha ya nyumbani huadhibiwa au huvishwa kibao shingoni. Adhabu hiyo hailifikii lengo lake. Mwanafunzi asiye na Kiingereza cha kutosha hafundishwi Kiingereza kwa kukatazwa Kiswahili. Anafundishwa kunyamaza. Wanaonyamaza zaidi ni wale ambao tayari wana nafasi finyu ya kusema, yaani watoto wa nyumba zisizo na vitabu, na wasichana wanaoogopa kuchekwa wanapokosea.

5.0 Namna ya Kutoa Msaada wa Lugha

5.1 Istilahi na maana

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza haji mikono mitupu. Katika sayansi ya shule ya msingi amekutana na istilahi kama umbijani na usanisinuru. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Kwa hiyo hoja kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi ilikwisha kujibiwa zamani. Zipo pia istilahi ambazo lugha zote mbili zimezichota katika kisima kimoja: oksijeni, haidrojeni, atomu, elektroni, protini. Hapa mwanafunzi anahitaji kuonyeshwa tofauti ya tahajia na matamshi tu. Mwalimu anayeanza mada kwa orodha fupi ya istilahi katika lugha mbili, zisizozidi kumi, huokoa muda mwingi wa baadaye.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kawaida na maana ya kitaaluma. Mwanafunzi aliyejifunza kuwa “table” ni meza hukutana katika hisabati na “table” ambayo ni jedwali. Aliyezoea “matter” kuwa jambo huikuta katika kemia ikiwa ni maada. Katika mifano hiyo, na pia pale Kiswahili cha fizikia kinapotenganisha kani na nguvu, istilahi ya Kiswahili ni wazi kuliko ya Kiingereza. Kuitaja kwa sekunde tatu huondoa utata ambao ungeweza kudumu muhula mzima.

5.2 Sarufi linganishi

Makosa mengi ya wanafunzi hutabirika kwa kutazama sarufi ya lugha wanazozijua, na hapohapo ndipo dawa yake inapopatikana. Kiswahili kina kiwakilishi kimoja, yeye, pale ambapo Kiingereza hutofautisha mwanamume na mwanamke. Mwanafunzi anayekosea hapo anafuata kanuni ya lugha yake, na anahitaji kuonyeshwa mahali kanuni hizo mbili zinapoachana. Kiswahili hakina vibainishi vya nomino kama “a” na “the”, lakini kina njia yake ya kuonyesha kinachojulikana. Tofauti kati ya “nimeona kitabu” na “nimekiona kitabu” imo katika kiambishi cha yambwa, na yeyote aliyekulia katika Kiswahili anaihisi. Mwalimu wa Kiingereza anayeanzia hapo hufundisha jambo geni kwa kulishikiza kwenye jambo linalofahamika.

Lugha ya sayansi nayo ina miundo yake. Kweli za kudumu husemwa kwa Kiswahili kwa kiambishi hu-: maji huchemka, chuma hutanuka kikipashwa joto. Kwa Kiingereza miundo hiyo hudai wakati uliopo wa kawaida. Maelezo ya majaribio hudai kauli ya kutendwa, ambayo mwanafunzi anayo tayari katika kiambishi -w-: maji yalichemshwa, mchanganyiko ulichujwa. Mwanafunzi wa Kimaasai au wa Kiiraqw amezoea jinsi katika nomino za lugha yake, jambo ambalo Kiswahili hakina. Kwa maneno mengine, hata lugha ya nyumbani ambayo mwalimu haijui inaweza kuwa na msaada, iwapo mwanafunzi anaulizwa: katika lugha ya kwenu, jambo hili husemwaje?

5.3 Kujadili, kisha kuandika

Nchini Wales, Cen Williams alieleza mwaka 1994 mbinu aliyoiita kwa Kiwelisi trawsieithu: mwanafunzi hupokea habari kwa lugha moja na kuitoa kwa lugha nyingine, kwa makusudi na kwa mpango. Mbinu hii inatofautiana na kuchanganya lugha kwa kubahatisha, kwa kuwa kila lugha ina kazi yake katika somo.

Katika shule ya Tanzania kipindi kinaweza kupangwa hivi. Mwalimu wa jiografia anatoa aya fupi ya Kiingereza kuhusu mmomonyoko wa udongo, pamoja na istilahi zake. Wanafunzi wanaijadili katika vikundi kwa Kiswahili: nini chanzo, nini matokeo, hapa kwetu umeonekana wapi? Kisha kila kikundi kinaandika majibu kwa Kiingereza kwa kutumia mianzo ya sentensi iliyotolewa ubaoni, kama vile ya kueleza sababu na ya kueleza matokeo. Mwishoni mwakilishi anasoma kwa sauti. Katika dakika themanini wanafunzi wamefikiri kwa lugha wanayoimudu na wametumia Kiingereza wenyewe badala ya kukinakili. Kadiri miaka inavyokwenda, mianzo ya sentensi hupunguzwa na maandishi hurefushwa.

Mbinu hizi zimejaribiwa. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Tanzania na wa Chuo Kikuu cha Bristol waliandaa sampuli za vitabu vya kiada vyenye msaada wa lugha, vikiwa na Kiingereza chepesi, istilahi katika lugha mbili na mazoezi ya kujadili kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo ilifanyika pia Rwanda, nchi iliyohamia Kiingereza kuanzia 2008.

5.4 Kila mwalimu ni mwalimu wa lugha

Somo la Kiingereza peke yake haliwezi kubeba mzigo huu. Mwalimu wa Kiingereza hafundishi namna ya kueleza jaribio la kemia wala ya kuthibitisha hoja ya historia. Lugha ya kila somo humo ndani ya somo lenyewe, na mwenye kuijua ni mwalimu wa somo hilo. Vyuo vya ualimu vinapaswa kumwandaa mwalimu wa fizikia atambue ugumu wa lugha ya fizikia, na shule iwape walimu wa masomo na wale wa lugha zote mbili muda wa kupanga pamoja. Mwalimu wa Kiswahili ana nafasi yake hapa. Insha ya hoja, ufupisho na ufahamu vinavyofundishwa katika somo lake ni stadi zilezile zinazodaiwa na masomo mengine.

6.0 Suala la Mtihani

Msaada wa darasani utabaki na kikomo iwapo mtihani utaendelea kupima lugha na maarifa kwa pamoja bila kuvitenganisha. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalilishtua taifa. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, kabla ya matokeo hayo kufutwa na kupangwa upya mwaka huohuo. Sababu zilikuwa nyingi, na si haki kuilaumu lugha peke yake. Hata hivyo, karatasi iliyoachwa wazi haisemi kama mwanafunzi hakujua jibu, hakulielewa swali, au alijua jibu akakosa namna ya kuliandika. Taifa linalotumia karatasi hiyo kuamua maisha ya kijana linapaswa kutaka kujua tofauti hiyo.

Hatua ya kwanza haihitaji sera mpya. Vitenzi vya maswali, yaani taja, eleza, fafanua, linganisha na jadili, vifundishwe kwa lugha zote mbili tangu Kidato cha Kwanza, kwa kuwa wengi hupoteza alama kwa kutaja walipotakiwa kueleza. Katika mazoezi ya shuleni, maswali yanaweza kutolewa kwa lugha mbili, na mwalimu akatoa alama ya maarifa mbali na alama ya lugha. Hatua ya pili, ya kuruhusu lugha mbili katika mitihani ya taifa, ni ya watunga sera, lakini uzoefu wa hatua ya kwanza ungewapa ushahidi wa kuamulia.

7.0 Hoja Zinazopinga

Husemwa kwamba wazazi wanataka Kiingereza. Ni kweli, na wana sababu, kwa kuwa lugha hiyo hufungua milango ya kazi na ya elimu ya juu. Lakini anachokitaka mzazi ni mtoto ajue Kiingereza, na kukijua Kiingereza hakupatikani kwa kukitumia kufundishia lugha ambayo haijaeleweka. Husemwa pia kwamba Kiswahili darasani kitamfanya mwanafunzi awe mvivu wa Kiingereza. Hatari hiyo ipo pale lugha zinapochanganywa ovyo. Inapungua pale kila lugha inapopangiwa kazi yake na Kiingereza kinapodaiwa katika maandishi ya mwisho. Tatu, husemwa kuwa darasa la wanafunzi themanini halina nafasi ya vikundi. Kwa kweli darasa kubwa ndilo linalohitaji zaidi mazungumzo ya wawili wawili kwenye dawati moja, kwani humo mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kuwa kati ya sera inayosubiriwa na darasa lililopo kuna kazi kubwa ambayo walimu, vyuo na waandishi wa vitabu wanaweza kuianza bila kungoja. Kazi hiyo ni kutambua lugha za mwanafunzi, kuzipangia nafasi katika somo, na kumfundisha Kiingereza kwa uwazi badala ya kumtumbukiza humo. Haipunguzi haja ya kulijibu swali la lugha ya kufundishia. Hata siku litakapojibiwa kwa kukipa nafasi Kiswahili, mtoto wa Mbulu na wa Longido bado watahitaji msaada wa lugha, na Kiingereza bado kitahitaji kufundishwa vizuri.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa wanafunzi wa isimu na wa ualimu, uwanja wa utafiti hapa ni mpana. Linahitajika zaidi ni kuingia madarasani, kurekodi yanayosemwa humo, na kuwarudishia walimu matokeo kwa lugha wanayoweza kuitumia kesho yake asubuhi.